Safari Ndefu ya Pistoni: Jinsi Injini ya Stroka ya Jeep Ilivyozaliwa

Wanaosimulia habari za injini ya stroka huanzia gereji: fundi hodari, krankshafti ya zamani, na Jeep iliyokuwa ikihema mlimani ikapata nguvu mpya. Kisa hicho ni cha kweli, ila kinaanzia mwishoni. Injini ya lita 4.6 ambayo mafundi wa Marekani wamekuwa wakiiunda ndani ya Cherokee na Wrangler ilianza kutayarishwa mwaka 1964, na watu ambao hawakuwa na nia hiyo hata kidogo. Iliwezekana kwa sababu kampuni moja ndogo ya magari haikuwa na fedha za kutupa mitambo yake na kununua mingine. Ubahili huo wa lazima ndio ninaotaka kuueleza, kwa kuwa bila huo fundi hodari asingekuwa na cha kufanya.

Kwanza msingi wenyewe. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, na umbali inaosafiri huamuliwa na krankshafti, ule mhimili wenye makono unaogeuza kupanda na kushuka kuwa mzunguko. Ukifunga krankshafti yenye makono marefu zaidi, pistoni itasafiri mbali zaidi, silinda itameza hewa na petroli zaidi, na injini itaongezeka ujazo huku bloku ikibaki ileile. Hiyo ndiyo stroka. Tatizo ni kupata krankshafti ndefu inayokubali kukaa ndani ya bloku ambayo haikutengenezewa. Kwa injini nyingi duniani, krankshafti hiyo haipo mpaka uichongeshe kwa gharama kubwa. Kwa Jeep ilikuwapo, tena kwenye mabaki ya magari, kwa bei ya chuma chakavu.

Kabla ya silinda sita, 1941–1964

Jeep ya vita, Willys MB ya mwaka 1941, ilikuwa na injini ya silinda nne, lita 2.2, yenye nguvu farasi 60. Kipenyo cha silinda zake kilikuwa milimita 79.4 na mwendo wa pistoni milimita 111. Ilivuta kwa subira kwenye matope na milima, na ikawafundisha wanunuzi wa Jeep kupenda injini inayofanya kazi bila kupiga kelele. Ladha hiyo haikuwatoka tena.

Mbali na Jeep, tarehe 1 Mei 1954, kampuni za Nash-Kelvinator na Hudson ziliungana kuwa American Motors Corporation, yaani AMC. Muungano huo ulikuwa wa kujiokoa. General Motors, Ford na Chrysler zilikuwa na uwezo wa kubadilisha miundo kila baada ya miaka michache, nazo kampuni ndogo zilikuwa zikifa moja baada ya nyingine. AMC ilinusurika kwa kuuza magari madogo ya Rambler, na chini ya boneti za mengi ya magari hayo kulikuwa na injini ya silinda sita iliyotokana na kazi ya Nash ya miaka ya 1940. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 injini hiyo ilikuwa imekonga.

Mwaka 1964 AMC ikatoa sita mpya, ikaitangaza kwa Rambler Classic toleo maalumu la Typhoon. Ilikuwa na inchi za ujazo 232, sawa na lita 3.8. Wahandisi waliipa krankshafti yake beringi kuu saba, hivyo kila kono lilishikwa pande zote mbili. Bloku ilikuwa nene na nafasi kati ya silinda ilikuwa ya kutosha. Kwa injini ya gari la familia huo ulikuwa uimara wa kupita kiasi, lakini kampuni ilijua kwamba itakaa nayo muda mrefu. Toleo dogo la inchi 199 lilipatikana kwa kufupisha mwendo wa pistoni kutoka milimita 88.9 hadi 76.2, kipenyo kikabaki kilekile. Tangu mwanzo, basi, kiwanda cha Kenosha, Wisconsin, kilikuwa na desturi ya kubadilisha ujazo kwa kubadilisha krankshafti. Hiyo ndiyo mbegu.

1965–1972: Jeep inaingia nyumbani

Kampuni ya Kaiser, iliyomiliki Jeep wakati huo, ilikuwa na injini yake ya sita iliyoitwa Tornado, ya kamshafti ya juu. Ilikuwa kazi ya kisasa kwa zama zake, ila Kaiser haikuidumisha katika magari ya raia. Mwaka 1965 ikaanza kununua 232 za AMC kwa ajili ya Wagoneer na lori dogo la Gladiator. Injini ya gari la familia ikaonja matope, nayo ikayamudu.

Februari 1970 AMC iliinunua Kaiser Jeep nzima. Wengi waliona ni kosa, maana AMC ilikuwa na shida zake za kutosha. Baada ya miaka michache Jeep ndiyo iliyokuwa ikiibeba AMC.

Ndani ya kipindi hicho kifupi likatokea jambo kubwa kuliko yote katika historia hii. Kwa magari ya mwaka 1971, AMC iliinua kimo cha bloku ya sita ili iingize krankshafti yenye mwendo wa inchi 3.895, karibu milimita 99. Kipenyo hakikuguswa. Ikapatikana injini ya inchi 258, yaani lita 4.2. Kimo hicho kipya ndicho kilichoendelea kutumika, na vipimo vya mashingo ya krankshafti, sehemu za mviringo zinazokaa ndani ya beringi, vikabaki vilevile. Mhandisi aliyechora mstari huo wa juu wa bloku alikuwa akitafuta nguvu ya kuvuta kwa bei nafuu. Bila kujua, alikuwa akiacha nafasi ndani ya bloku ambayo mtu mwingine angeijaza robo karne baadaye.

Mwaka 1972 CJ-5, mjukuu wa Jeep ya vita, ilirefushwa zaidi ya inchi mbili kati ya magurudumu ili sita ipate kukaa. Baada ya hapo 258 ikaenda kila mahali: CJ, Wagoneer, Concord, Spirit, hata International Harvester ikainunua kwa ajili ya Scout. Kuanzia 1980 ilisukuma AMC Eagle, gari la familia lililoendeshwa na magurudumu yote manne miaka mingi kabla ya magari ya aina hiyo kuwa jambo la kawaida. Zingatia wingi huo. Kila gari lililokufa liliacha krankshafti.

Meksiko walitangulia

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu sehemu hii husahaulika. Sheria ya Meksiko ya mwaka 1962 ilitaka magari yanayouzwa nchini humo yawe na sehemu kubwa iliyotengenezwa hapohapo, injini ikiwemo. Mshirika wa AMC, kampuni ya VAM, akawa anatengeneza sita zake mwenyewe. Katika miaka ya 1970 VAM iliichukua 258, ikapanua silinda zake, ikapata injini ya inchi 282, yaani lita 4.6, ikaifunga kwenye magari yake ya hadhi ya juu.

Huo ni ujazo uleule ambao stroka za Jeep ziliufikia baadaye. Kiwanda kiliuza kwa miaka mingi, kwa familia za mjini Meksiko, injini ambayo Marekani ilikuja kuhesabiwa kuwa uvumbuzi wa gereji. Mafundi wa VAM wanastahili kutajwa kila stroka inapotajwa.

1983–1987: V6 ya kuazima na sita iliyofufuka

Mwishoni mwa 1983 Jeep ilizindua Cherokee mpya, yenye herufi za kiwandani XJ. Ilikuwa ndogo, nyepesi, bodi na chesi vikiwa kitu kimoja. Mhandisi Roy Lunn na wenzake walikuwa wametengeneza gari lililobadilisha soko zima la magari ya aina hiyo. Injini ndiyo iliyokuwa aibu. Chaguo la juu lilikuwa V6 ya lita 2.8 iliyonunuliwa kutoka General Motors, yenye kabureta na nguvu farasi 115 tu. Gari zuri likawa linaomba msaada kwenye kila mlima.

AMC, ambayo wakati huo iliendeshwa kwa fedha za Renault ya Ufaransa, haikuwa na uwezo wa kubuni injini mpya kabisa. Wahandisi wakarudi kwenye sita yao ya 1964. Mafundi wengi huitaja injini iliyotokea kama “ya kuaminika” na kupita, lakini maamuzi yaliyofanyika hapo yanahitaji kutazamwa kwa makini. Walipanua kipenyo cha silinda hadi milimita 98.4. Walichora upya silinda hedi ili hewa ipite vizuri. Walitupa kabureta, wakaweka mfumo wa sindano uliotengenezwa na Renault pamoja na Bendix. Kisha, tofauti na 258, walifupisha mwendo wa pistoni hadi inchi 3.414, yaani milimita 86.7, wakatumia konrodi, fimbo zinazounganisha pistoni na krankshafti, zilizo ndefu zaidi. Walitaka injini inayozunguka kwa wepesi na ulaini. Ikawa lita 4.0, na ilipotoka kwenye Cherokee ya 1987 ilitoa nguvu farasi 173.

Walichokiacha ndicho kilicho muhimu kwetu. Nafasi kati ya silinda ilibaki ya 1964, kwa sababu mitambo ya kutobolea bloku ilikuwa ya zamani. Mashingo ya krankshafti, yale ya beringi kuu na ya konrodi, yalibaki na kipenyo kilekile. Kimo cha bloku kilibaki karibu sawa. Matundu ya boliti za flaiwili yalibaki mahali pake. Bloku mpya yenye silinda pana na krankshafti ya zamani yenye makono marefu zilikuwa ndugu wa damu, zikiuzwa na kampuni moja kati ya 1987 na 1990: lita 4.0 kwenye Cherokee, na 258 yenye kabureta na nguvu farasi 112 kwenye Wrangler.

Mwaka huohuo wa 1987 Chrysler iliinunua AMC, na jina la AMC likafutika. Injini ikabaki. Kwa magari ya 1991 iliboreshwa ikafikia nguvu farasi 190, ikaingia pia kwenye Wrangler, na 258 ikastaafu.

Miaka ya 1990: matairi yanakua, injini inabaki

Sababu iliyoleta stroka ilikuwa matairi. Wenye Jeep waliokwenda kupanda miamba ya Moab, Utah, au kupita njia ya Rubicon katika milima ya California, walihitaji gari la juu na matairi makubwa, inchi 33 au 35 badala ya yale madogo ya kiwandani. Kila inchi ya tairi inairefusha gia. Injini iliyokuwa ikitosha ikaanza kukosa pumzi barabarani na kukata moto miambani.

Jibu la kawaida la Mmarekani lilikuwa kufunga V8. Lakini V8 ilidai mikono mipya ya injini, giaboksi nyingine au adapta, rejeta kubwa, eksozi mpya, nyaya mpya, na katika majimbo yanayokagua moshi wa magari, maelezo marefu kwa mkaguzi. Stroka haikudai hayo. Kwa nje ni injini ileile, inakaa palepale, inashika giaboksi ileile. Hata sensa inayomwambia kompyuta mahali krankshafti ilipo husoma alama za flaiwili, si za krankshafti yenyewe, kwa hiyo krankshafti ya gari la 1978 hufanya kazi na kompyuta ya 1998 bila ugomvi.

Siwezi kumtaja aliyekuwa wa kwanza, na sidhani ni sahihi kumtafuta. Vipimo vilikuwa wazi kwenye vitabu vya matengenezo kwa yeyote aliyeviweka ubavu kwa ubavu. Majarida ya magari ya milimani yakaandika, karakana za kuchonga injini zikaanza kuuza stroka zilizokamilika, na bei ya krankshafti ya Eagle mbovu ikapanda.

Kinachotokea ndani ya bloku

Hesabu yake ni rahisi na inaridhisha. Weka krankshafti ya 258 kwenye bloku ya 4.0 bila kupanua silinda: unapata takriban cc 4,516. Panua kila silinda kwa inchi 0.030, ambayo bloku iliyochakaa huihitaji hata hivyo, unapata karibu cc 4,590, ile lita 4.6 maarufu. Panua kwa inchi 0.060, unakaribia lita 4.7, lakini hapo kuta za silinda zimekuwa nyembamba na kila bloku inapaswa kupimwa unene kabla ya kuguswa.

Baada ya ujazo huja maamuzi yanayomtofautisha fundi na mtu wa kufunga boliti. Konrodi za 258 zina urefu wa inchi 5.875, na zikifungwa na pistoni za 4.0 kimo hukaribiana na bloku bila kuchonga kitu. Ndiyo njia ya bei nafuu, na ndiyo waliyoanza nayo wengi. Konrodi za 4.0 zina inchi 6.125. Hizo hupunguza msukumo wa pembeni unaokwangua ukuta wa silinda, ila zinahitaji pistoni fupi za kuagiza. Mwenye fedha achague ndefu.

Mgandamizo ndio ulioua stroka nyingi za mwanzo. Injini ya kiwandani ya 1991 ilikuwa na uwiano wa 8.8 kwa 1. Ukiongeza mwendo wa pistoni bila kuongeza nafasi iliyo juu yake, uwiano unaruka hadi karibu 9.9, na kwa petroli ya kawaida, gari zito na jua la jangwani, mchanganyiko huanza kulipuka kabla ya wakati wake. Sauti yake ni ya kugongagonga, na mwisho wake ni pistoni iliyotoboka. Dawa ni pistoni zenye bonde pana zaidi, huku ukingo wa pistoni ukiachwa karibu na hedi, kwa sababu pengo jembamba hapo huuvuruga mchanganyiko vizuri na huzuia mlipuko wa mapema. Walioweka gasketi nene ili kushusha mgandamizo walipoteza faida hiyo, wakashangaa injini bado inagonga.

Kasi nayo ina mpaka. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, pistoni ya 4.0 husafiri kwa wastani wa mita 14.5 kwa sekunde, na ya stroka mita 16.5. Stroka basi haijengwi kwa mashindano ya mizunguko. Imeumbwa kwa mizunguko 1,500 hadi 3,500, pale Jeep inapofanyia kazi yake ya kweli. Wapo wanaosema kono refu ndilo linaloleta nguvu ya kuvuta. Sikubaliani nao. Ni ujazo, na kono refu ni njia tu ya kuupata.

Yapo na madogo yanayokwamisha kazi. Pua ya krankshafti nyingi za 258 ni ndefu kuliko ya 4.0, kwa hiyo puli lazima ipangwe au pua ipunguzwe kwenye mashine ya kukereza, la sivyo mkanda utaruka. Sindano za petroli za kiwandani hazitoshi silinda iliyokua. Na anayetafuta hedi aziogope zile zenye namba 0331 za takriban mwaka 2000 na 2001, kwa kuwa nyingi zilipasuka katikati, kati ya silinda ya tatu na ya nne, zikamwaga maji kwenye oili.

2006 na baadaye

Cherokee XJ ilikoma Marekani mwaka 2001. Lita 4.0 ilidumu ndani ya Wrangler hadi 2006, miaka 42 tangu 232 ya kwanza itoke. Wrangler iliyofuata ilipewa V6 ya lita 3.8 iliyotokana na magari ya abiria, yenye nguvu farasi 202 kwenye karatasi, na wapanda miamba hawakuipenda. Wengi waliamua kubaki na gari la zamani na kuifufua injini yake, na ukishaishusha injini chini, kuirudisha bila kuifanya stroka ni kupoteza nafasi.

Kwa Watanzania na Wakenya wanaoishi na Land Cruiser, mantiki hii si ngeni. Toyota ilipotoka injini ya 2F kwenda 3F ilibaki na kipenyo kilekile cha milimita 94, ikafupisha mwendo wa pistoni kutoka 101.6 hadi 95. Ni uamuzi uleule wa wahandisi wa 4.0: wepesi na ulaini mbele, uvutaji wa chini nyuma. Aliyewahi kuendesha zote mbili porini anajua kilichopotea.

Kiwanda cha injini cha Kenosha kilifungwa mwaka 2010. Krankshafti za 258 za asili zinapungua kila mwaka, na nyingi zilizobaki zimekwisha kuchongwa mara mbili au tatu. Watengenezaji wa vipuri wanatoa mpya zenye mwendo uleule wa inchi 3.895, lakini bei yake haifanani na ile ya chuma chakavu iliyowapa mafundi wa kwanza ujasiri wa kujaribu. Kwa hiyo namwomba yeyote anayevunja CJ, Wagoneer au Eagle ya zamani, popote alipo: kabla hujaiweka injini kwenye mizani ya chuma chakavu, itoe krankshafti, ipake grisi, isimamishe wima mahali pakavu, na umpigie simu fundi anayejenga Jeep.